Wameshakupima. Halafu?

Muhula uliopita lilifungwa turubai pale uwanjani jirani na kafteria. Muziki mkubwa, fulana za bure, na foleni ndefu ya wanachuo waliokuja kupima homa ya ini B. Sina ugomvi na ile siku. Unatobolewa kidole, unasubiri kama robo saa, ukikutwa huna virusi unachomwa sindano ya kwanza ya chanjo na kuandikiwa tarehe ya sindano ya pili. Watu walipiga picha mabega yenye plasta wakatupia status. Na mimi nilitupia.

Jioni yake nikiwa nafua, mwenzangu mmoja wa bloku yetu alinifuata kwenye karo. Tunasoma kozi moja tangu mwaka wa kwanza. Alitoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa na jina lake, tarehe, na alama ya kujumlisha iliyozungushiwa duara kwa peni nyekundu. Basi.

"Wamekwambiaje?" nikamuuliza.

"Wamesema nisiwe na wasiwasi, wanaoishi nao ni wengi. Nikijisikia vibaya niende hospitali." Akakikunja tena kile kikaratasi. "Sasa mimi nafanya nini?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike. Sentensi hiyohiyo, "ukijisikia vibaya uende hospitali", aliambiwa kaka yangu mwaka 2019. Najua ilikomfikisha. Msimamo wangu ni huu, nausema mapema ili usinitafute mwishoni: kampeni inayompima mtu, ikamkuta na virusi, kisha ikamwacha aondoke bila tarehe ya kurudi na bila mahali pa kwenda, imefanya nusu ya kazi. Na nusu iliyobaki ndiyo inayookoa maisha.

Kaka

Nyumbani kwetu ni mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni kitinda mimba, nimezaliwa 2003. Kaka yetu mkubwa alizaliwa 1994, ni fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano, godoro, ndoo, tranka na nauli vilitoka kwenye mikono yake. Tangu siku hiyo ananiita "mwalimu", hata kabla sijajua kama ualimu nitaupenda.

Mwaka 2019 baba mdogo alitakiwa kufanyiwa operesheni, ndugu tukaambiwa tuchangie damu. Kaka alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Siku chache baadaye akapigiwa simu aende peke yake. Akaelezwa kwamba damu yake haitatumika kwa sababu ina virusi vya homa ya ini B. Akauliza afanye nini. Akajibiwa ile sentensi. Akashukuru, akarudi gereji, akabeba geti la chuma begani kama kawaida, wala hakumwambia mtu.

Usimlaumu haraka. Mtu akiambiwa arudi akijisikia vibaya, na hajisikii vibaya, atarudi kufanya nini? Na hapo ndipo huu ugonjwa unapotuweza. Ini halina kelele. Virusi vinaweza kukaa ndani yake miaka 20 au 30, kinga ya mwili ikivishambulia na kuziumiza seli za ini zilizovibeba, na kila jeraha likiacha kovu. Makovu yakizidi, ini linakakamaa na kusinyaa. Hali hiyo madaktari wanaiita sirosisi. Muda wote huo mwenye ini anakula, anacheza mpira, anachumbia. Dalili unazozisubiri zinakuja wakati sehemu kubwa ya ini imeshaharibika.

Zake zilikuja 2022. Tumbo lilianza kutoka mbele, rafiki zake gereji wakampongeza kwamba hela imeanza kuonekana. Kisha miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa. Alipofanyiwa ultrasaundi, tumbo lilikuwa na maji na ini lilikuwa na makovu. Alikuwa na miaka 28. Mama alikuwepo chumbani, na ndiye aliyenisimulia mazungumzo yalivyokwenda. Daktari aliuliza kama aliwahi kuambiwa ana homa ya ini. Kaka akasema ndiyo, miaka mitatu iliyopita.

"Halafu?" daktari akauliza.

"Halafu sikurudi."

Dawa ilifanya kazi, kopo likamponza

Wengi tunaamini homa ya ini B haina dawa. Ukweli ni kwamba haina dawa ya kuing'oa kabisa, lakini ina dawa ya kuifunga mikono. Kaka alianzishiwa tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku. Hiyo na mwenzake entekaviri huzuia virusi kuzaliana. Virusi visipozaliana ini linapumzika, na likipumzika linajitengeneza. Akapewa pia vidonge vya kutoa maji mwilini, akaambiwa apunguze chumvi, pombe aisahau kabisa, na asijinunulie diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo wake wa ufundi, kwa sababu kwa mwenye sirosisi dawa za maumivu za aina hiyo zinaweza kuharibu figo na kuleta kutoka damu. Baada ya miezi mitatu tumbo lilikuwa limerudi. Akaanza tena kuchomelea.

Na makovu yenyewe? Hili nilipolisoma nililirudia mara mbili. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapa matokeo ya wagonjwa waliotumia tenofoviri kwa miaka mitano, wakachukuliwa kinyama kidogo cha ini mwanzoni na mwishoni ili kulinganisha. Kati yao 96 walianza wakiwa na sirosisi. Baada ya miaka mitano, 71 hawakuhesabiwa tena kuwa nayo. Hao hawakuwa wamefika hatua ya kujaa maji wala kutapika damu, na walikuwa wanafuatiliwa kwa karibu. Lakini maana yake ni kwamba kovu la ini, tuliloambiwa miaka yote ni la kudumu, linaweza kurudi nyuma mtu akiwahi na akimeza dawa bila kuruka.

Kaka aliruka. Tena hakuruka kwa uzembe.

Tenofoviri ni mojawapo ya dawa zilizomo ndani ya ARV. Kopo lake linafanana, na jina lililoandikwa ni lilelile. Jirani mmoja anayeyajua makopo hayo aliliona juu ya meza. Haikupita wiki mtaa mzima ukajua kwamba fundi "anameza dozi". Mchumba aliacha kupokea simu. Kaka akahamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini, lakini vidonge vinalialia kwenye chupa ukitembea navyo, akaona hata vile vinamsema. Akaanza kuruka siku. Hapo hapo akatokea muuza dawa ya "kusafisha ini", dumu la lita tano, chungu kama shubiri, na ushuhuda wa watu waliopona. Januari 2024, akiwa hana tumbo, hana uvimbe, amenenepa vizuri, akaacha kabisa kidonge na kubaki na dumu.

Nieleze kinachotokea hapo, kwa sababu hata wasomi tunalikosea hili. Dawa ikizuia virusi kuzaliana haiondoi mbegu yake, ambayo inabaki imejificha ndani ya kiini cha seli za ini. Ukiacha dawa, mbegu inaota upya na virusi vinafurika. Kinga ya mwili inashtuka na kushambulia ini zima kwa mpigo. Mwenye ini lisilo na makovu anaweza kuumwa sana na kupona. Mwenye sirosisi hana akiba ya kuchezea, shambulio moja linaweza kummalizia kile kidogo kilichokuwa kinamweka hai. Ndiyo maana mwenye sirosisi huambiwa hii ni dawa ya maisha. Kujisikia vizuri si ishara ya kuacha. Anajisikia vizuri kwa sababu anameza.

Juni mwaka huo nilikuwa mwaka wa pili, imebaki wiki moja tuanze mitihani ya mwisho wa muhula. Mama alipiga saa tisa usiku. Alisema kaka ametapika damu, nusu ndoo.

Kinachotokea ini likishindwa

Nilipofika hospitali nilimuuliza daktari kijana wa zamu damu imetoka wapi wakati ugonjwa ni wa ini. Alichora nyuma ya karatasi, nami nakuchorea kwa maneno. Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, ndipo irudi moyoni. Ini likijaa makovu, njia inabana. Damu haiwezi kusubiri, inatafuta vichochoro, na kichochoro kimojawapo ni vishipa vidogo vya koo la chakula. Vishipa hivyo havikuumbwa kubeba mzigo huo. Vinavimba kama mpira wa baiskeli uliojazwa kupita kiasi, na siku vikipasuka mtu anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami. Walimwingizia kipimo cha kamera kupitia mdomoni, wakavifunga vishipa kwa vipete vya mpira. Damu ikasimama.

Hiyo ilikuwa shida ya kwanza. Maji yalikuwa yamejaa tumboni upya, na maji yale yakiingiwa na bakteria ni dharura, kwa hiyo walitoa kidogo kwa sindano wakapime kabla ya kingine chochote. Siku ya tatu akaanza kulala mchana na kukesha usiku. Mikono inatetemeka. Akaniuliza mara tatu ndani ya saa moja ninafundisha darasa la ngapi. Shangazi akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba huyu karogwa, tumtoe hapa. Daktari akasema sumu ambazo ini lilipaswa kuzichuja zimefika kwenye ubongo. Akapewa dawa tamu kama sharubati ya kumfanya apate choo mara kadhaa kwa siku ili sumu zitoke nacho. Siku mbili baadaye alinijua. Jambo la kwanza aliloniambia ni, "Mwalimu, si una mtihani wewe?"

Kaka yuko hai. Amerudi kwenye tenofoviri tangu siku ile na hajaruka. Hana nguvu ya kubeba mageti, anasimamia vijana wawili wanaobeba. Kila miezi sita anapigwa ultrasaundi kutafuta kama kuna uvimbe, kwa sababu mwenye sirosisi yuko kwenye hatari ya saratani ya ini hata akiwa anameza dawa. Dawa inaipunguza hiyo hatari, haiifuti. Ningeweza kukuandikia kwamba mambo yako sawa. Hayako sawa. Yako afadhali.

Mstari wa 2002

Baada ya hapo familia nzima tulipimwa. Mama anao. Dada yetu, aliyezaliwa 1998, anao, ila ini lake ni zima, hajahitaji dawa bado, anafuatiliwa. Mimi sina.

Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa."

Nilirudi nyumbani nikachimbua kadi yangu ya kliniki kwenye sanduku lake. Chanjo ya homa ya ini B imo, nilichomwa nikiwa mchanga. Kwenye kadi ya kaka haimo, wala ya dada. Tanzania iliingiza chanjo hii kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Duniani ilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanasayansi Baruch Blumberg, aliyegundua virusi hivi, alishapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kaka alizaliwa chanjo ikiwa na zaidi ya miaka kumi, ila haikuwa imefika kwenye kliniki aliyopelekwa kupimwa uzito. Nilimwambia mama kwamba hakumpa mtu ugonjwa kwa kosa lake. Alizaa kabla ya 2002, basi.

Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa kwenye ugonjwa huu. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili unavishinda virusi wenyewe. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 kwa kila 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, zaidi ya 90 kwa 100 wanabaki navyo maishani. Ndiyo maana WHO inashauri mtoto apate sindano ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.

Sasa jiangalie wewe na waliokuzunguka hapa chuoni. Wengi wetu wa rika langu tulichanjwa tukiwa wachanga. Lakini wapo wenzetu walimu kazini waliokuja kujiendeleza, wana miaka 30 na 40. Wapo wahadhiri, akina mama wa kafteria, walinzi, wanaosafisha mabweni. Wapo wa rika letu ambao kliniki iliwapita. Turubai la uwanjani lilikuwa na maana kubwa kwa hao kuliko kwangu niliyepiga picha bega. Na katika hao ndimo zitakamotoka zile alama za kujumlisha. Ndio ambao kampeni haikuwa imewaandalia kitu.

Tatizo hili si la chuo chetu peke yake. Kwa makadirio ya WHO, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na homa ya ini B sugu. Katika kila 100, ni 13 tu waliokuwa wamepimwa wakajijua, na wapatao 3 ndio waliokuwa kwenye dawa. Si wote wanaohitaji dawa, dada yangu ni mfano. Lakini kutoka 13 hadi 3 kuna watu wengi walioondoka na kikaratasi wakakikunja mara nne.

Sahani ya peke yake

Turudi kwa mwenzangu wa kwenye karo. Siku ile ile habari zilivuja, sijui kwa njia gani. Chumbani kwao wanalala wanne. Kesho yake alikuta sahani yake imetengwa, na ndoo yake imewekewa alama ya rangi ya kucha. Mmoja wao nilimuuliza sababu. Akanionyesha bango lililobandikwa ukutani: homa ya ini B inaambukiza mara 50 hadi 100 zaidi ya VVU. "Hiyo si imeandikwa na wataalamu?"

Imeandikwa, na ina ukweli wake. Damu yenye virusi hivi inaambukiza kirahisi kuliko yenye VVU, na nje ya mwili virusi vinaweza kuishi siku saba au zaidi. Ila bango halikumalizia. Njia ni damu, ngono isiyo salama, na mama kwa mtoto. Haviambukizwi kwa sahani, ugali wa pamoja, kukumbatiana, kukohoa wala kukaa dawati moja. Vitu vya kutochangia ni wembe, mswaki, sindano na mashine ya kunyolea isiyosafishwa. Na watatu waliobaki kile chumba, kama wamechanjwa wakamaliza dozi tatu, hawana hata cha kuogopa. Bango la kutisha bila maelezo limetufanya tuogope sahani, huku nywembe za kinyozi wa nyuma ya hosteli hakuna anayeziuliza.

Mimi nasomea ualimu. Tukiandika andalio la somo, mkufunzi anaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya tathmini. Ukiwa na utangulizi mzuri na zana zinazong'aa, lakini huna njia ya kujua kama mwanafunzi aliyekwama amesaidiwa, anakurudishia. Turubai letu lilikuwa utangulizi mzuri.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza, chuo si hospitali. Kweli. Simwombi mtu wa zahanati ya chuo atibu sirosisi. Naomba aandike barua ya rufaa na tarehe. La pili, ukiwaambia watu habari za kutapika damu utawatisha wasije kupima. Nimelifikiria hili kwa sababu lina uzito. Lakini wanaokimbia vipimo, kwa ninavyowasikia kwenye korido, hawakimbii habari za dawa. Wanakimbia kuambiwa "unao" kisha wakaachwa na sahani yao. Ukiwaonyesha kwamba baada ya "unao" kuna njia, watakuja. La tatu, tuna shida nyingi hapa, boom halijatoka, maji bwenini yanakatika, homa ya ini itasubiri. Kaka yangu naye aliisubirisha.

Meza ya pili

Nasikia kampeni itarudi muhula huu. Kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, hasa wizara yenu ya afya, ninaomba jambo moja lenye vipande vitatu. Pembeni ya meza ya kupima na meza ya chanjo, wekeni meza ya pili, ya aliyekutwa nao.

Kwenye meza hiyo, kwanza, asiondoke mtu bila barua ya rufaa yenye tarehe na jina la kliniki. Barua itaje vipimo vinavyofuata: vimeng'enya vya ini, chembe sahani za damu, ultrasaundi, VVU, homa ya ini C, wingi wa virusi pale kinapopatikana, na kurudia kipimo baada ya miezi sita kuthibitisha kama ni sugu. Daktari anaweza kukadiria makovu kwa kuanzia na vipimo viwili vya kawaida vya damu, hahitaji mashine ya ajabu. Na mwaka 2024 WHO ilitoa mwongozo mpya uliopanua wanaostahili kuanza dawa. Mwenye sirosisi anaanza bila kusubiri kuhesabiwa virusi. Mwenye dalili za makovu makubwa vilevile, na hata mwenye historia ya saratani ya ini au sirosisi kwenye familia anafikiriwa dawa. Kama uliambiwa zamani kwamba "virusi vimelala", rudi ukaulize tena.

Pili, someni bima tunayokatwa kila mwaka, mtuandikie kwa Kiswahili cha kawaida ni vipimo gani inalipia na vipi hailipii. Sisi wenyewe tukiwa kwenye foleni na hofu hatuwezi kuanza kuuliza.

Tatu, tunzeni siri. Meza hiyo isiwe wazi katikati ya muziki. Atakayeanza dawa aruhusiwe kuzichukua zahanati bila kuitwa kwa sauti dirishani. Kaka yangu hakuangushwa na bei ya kidonge. Aliangushwa na watu waliosoma kopo lake.

Kwetu sisi wengine kazi ni ndogo zaidi. Ukichomwa ya kwanza, malizia ya pili na ya tatu, maana kinga kamili iko kwenye tatu. Piga simu nyumbani, uwaambie waliozaliwa kabla ya 2002 wakapime. Na rudisha ile sahani kabatini pamoja na nyingine.

Mwenzangu nilimsindikiza kliniki wiki iliyofuata. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, tukanywa soda moja wawili, chupa moja, na mimi sikufuta mdomo wa chupa. Vipimo vyake vya kwanza vimetoka vizuri, ini halina dalili ya makovu. Ameandikiwa kurudi baada ya miezi sita. Tarehe ameiweka kwenye simu yake, na mimi nimeiweka kwenye yangu.